Mgonjwa wa Moyo Asiketishwe Tu

Mtu akishaambiwa hospitali kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi sawasawa, nyumbani anavuliwa majukumu yote siku hiyohiyo. Ndoo anapokonywa, ufagio anapokonywa, akitaka kwenda dukani anatumwa mjukuu. "Pumzika mama, sisi tupo." Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini naamini kwa dhati kwamba tunawadhoofisha wagonjwa wetu, na wazee ndio wanaoumia zaidi.

Zamani hata madaktari waliamini hivyo, na mgonjwa alilazwa kitandani muda mrefu. Kisha mwaka 1990 daktari Andrew Coats na wenzake, huko Oxford, Uingereza, wakaonyesha kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi ya baiskeli nyumbani walipata nguvu zaidi.

Ugonjwa huu hauishii kifuani, unakula na misuli. Mapaja yakishanyong'onyea, hata ngazi tatu zinamtoa mtu pumzi, naye anadhani ni moyo peke yake. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walilifuatilia jambo hili kwa wagonjwa wa miaka 55 kushuka chini na wengine wa miaka 65 kwenda juu. Walikata kipande kidogo cha msuli wa paja wakakuta protini iitwayo MuRF1, inayochochea misuli kuvunjwa, imezidi kuliko kwa watu wenye afya njema. Baada ya wiki 4 za mazoezi chini ya uangalizi, dakika 20 mara 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, protini hiyo ilishuka. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 25 kwa wale wa miaka 55 kushuka chini, na asilimia 27 kwa wazee! Matokeo yalitoka mwaka 2012, na bado tunasema "huyu umri umeshakwenda."

Kwetu Afrika kuna jambo jingine. Utafiti wa THESUS-HF, uliofanyika katika nchi 9 zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wa waliolazwa kwa tatizo hili ni miaka 52, na chanzo kikuu ni shinikizo la damu. Huyo ni mtu ambaye bado analipa ada za shule. Kumwambia akae tu ni kumfukuzisha kazi. Kwake kutembea kwa kasi kunafaa, mradi aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Mzee aliyetoka wodini juzi haanzii hapo. Huko Marekani utafiti wa REHAB-HF wa mwaka 2021, kwa wagonjwa wa miaka 60 na zaidi, ulianza na mazoezi ya nguvu, kusimama bila kuyumba, wepesi wa kutembea na stamina. Kurudi kulazwa hakukupungua kwa kiasi cha kuthibitika, ila walisimama na kutembea vizuri zaidi. Kwangu hilo si dogo: babu anayejipeleka chooni mwenyewe ana heshima yake. Mwekeeni kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Avute miguu nyuma kidogo, akunje mikono kifuani, ainuke, kisha akae taratibu bila kujibwaga. Akishindwa, ashike meza kwanza. Mtu asimame karibu, lakini asimnyanyue.

Mazoezi haya ni ya mgonjwa aliyetulia na anayemeza dawa zake. Miguu ikivimba, akishindwa kulala chali, au uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, aache na arudi kliniki. Mwenye valvu ya moyo (kilango cha kupitishia damu) iliyobana sana asianze bila kauli ya daktari.

Kinachonikera ni kwamba mgonjwa anatoka hospitali na mfuko wa vidonge na onyo la chumvi, lakini hana hata mstari mmoja kuhusu mazoezi. Mkimpeleka kliniki, ulizeni bila woga: atembee dakika ngapi, aanze lini, na fiziotherapia (tiba ya viungo) wanampokea siku gani?