Vikundi darasani: tatizo si kelele

Wazazi wengi hapa Manyatta, Kisumu, huniuliza: mbona siku hizi watoto wanapiga gumzo darasani badala ya kufundishwa? Wanazungumzia mijadala ya vikundi, ambayo imepata uzito zaidi tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa nchini mwaka wa 2019.

Swali lao lina msingi. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40, na darasa langu la sayansi lina wanafunzi 62. Nikiwagawa sita sita napata vikundi kumi, na wawili hawana pa kukaa. Nikikaa na kila kikundi dakika tatu, nusu saa imeisha na hakuna aliyetoa ripoti. Wanaongoja zamu yao wanaongea mpira. Mzazi anayesema afadhali mwalimu asimame mbele afundishe wote kwa pamoja hajakosea hesabu.

Lakini muhula uliopita tulikuwa tunajadili gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji ya Ziwa Victoria. Nilijiandaa kueleza jinsi mbolea na maji taka yanavyolirutubisha. Mvulana mmoja asiyewahi kuinua mkono, ambaye babake ni mvuvi Dunga, ufukweni mwa ziwa hilo, akawaambia wenzake kwamba gugu hutembea na upepo: jioni maji ni meupe, asubuhi mashua hazitoki. Msichana aliyekaa naye akauliza, "Kama limetoka kwingine, linakula mbolea ya nani?" Swali hilo halikuwa kwenye maandalizi yangu. Lilitupeleka hadi mto Nyando, unaoingia ziwani, na mashamba ya miwa unayopitia. Mbele ya darasa zima, kijana yule asingefungua mdomo.

Kinachoniumiza kichwa kuliko kelele ni lugha. Kikundi kikipamba moto, watoto huingia Kidholuo. Walimu wengine hukataza kabisa. Mimi siwakatazi, kwa sababu hapo ndipo mawazo yanapotiririka. Ila kuna binti wa Kiluhya aliyehamia kwetu kutoka Busia, na siku moja nilimkuta ameinamisha kichwa, anachora maua pembezoni mwa daftari huku wenzake wakibishana. Uhuru wa wale watano ulikuwa umemfungia nje. Sasa nawaambia: bishaneni mnavyotaka, lakini kila hoja isemwe tena kwa Kiswahili au Kiingereza kabla haijaandikwa.

Kuna pia mzigo kumwangukia mmoja. Mwenye mwandiko mzuri anaandika, wengine wanatia majina yao. Mwaka wa 1971 huko Austin, Marekani, mwanasaikolojia Elliot Aronson alitafuta njia ya kupunguza uhasama na ushindani katika madarasa ambamo watoto wa rangi mbalimbali walikuwa ndio kwanza wameanza kusoma pamoja: kila mtoto alipewa kipande chake cha somo, wenzake wakimhitaji ili walikamilishe. Wazo hilo nimelijaribu kwa tatizo letu la mzigo, na linasaidia, mradi kikundi kiwe kidogo. Watoto sita ni wengi mno. Siligusi kabisa mada ikiwa mpya. Hapo nafundisha mwenyewe kwanza, maana wasiojua wakijadiliana huishia kuthibitishiana makosa.

Kwa hivyo nimehamia wanne wanne: vikundi 15, wale wawili wanaobaki wakiongezwa kwenye vikundi ambavyo kuna wasiofika siku hiyo. Mjadala hauzidi dakika 15. Sizunguki kote, nakaa na vikundi vitatu tu kwa kipindi, naandika daftarini nani nimemsikia akizungumza. Sayansi ina vipindi vitano kwa wiki, na Ijumaa nakuwa nimewafikia wote.