Sikuiba Karatasi ya Chooni Ukweni

Wadau, najua mmeshasikia. Tangu jana usiku simu yangu haipoi. Yule mpambe wangu, niliyemlipia nauli ya basi kwenda na kurudi, nikamnunulia na mahindi ya kuchoma pale Chalinze, ameshaandika kwenye grupu la mtaa kwamba nimekamatwa ukweni Korogwe na karatasi za chooni kiunoni. Mama mdogo kanipigia kutoka Mwanza, sauti ya huruma kabisa, kuuliza kama mambo yamekaza kiasi hicho na kwa nini sikusema mapema.

Naomba nieleze mwenyewe. Haikuwa karatasi ya chooni. Lilikuwa gazeti la Sani, lile la katuni.

Wa rika langu wameshanielewa, wanaweza kuendelea na shughuli zao. Nyie wadogo zetu mnaopanga midoli ya Marvel kwenye shelfu kama dawa za famasi, kaeni hapo niwaambie. Mashujaa wetu sisi hawakuruka maghorofa. Tulikuwa na Ndumilakuwili, Komredi Kipepe, Lodi Lofa, Pimbi, na Madenge na utundu wake. Hata jina la gazeti lenyewe ni la watu wawili walioungana, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: Sa na Ni. Nakala moja ilizunguka nyumba sita, na ikikurudia haina jalada, inanuka mafuta ya taa, na kuna mtu amemchorea Kipepe miwani kwa bik.

Mimi nayakusanya. Ninayo 61, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, juu ya kabati. Mengine nimeyapata kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta. Moja nililiokoa Buguruni kwa kununua karanga zote za kijana mmoja ili asiendelee kulichana la kufungia. Wiki nzima nilikula karanga asubuhi, mchana na jioni. Lakini lipo moja lililonitesa. Nikiwa darasa la nne kulikuwa na hadithi ya picha ya mfululizo, ikaishia pabaya kweli, kisha lile neno: Itaendelea. Toleo lililofuata baba alilinunua, jirani akaliomba kabla sijaligusa, na mwezi huohuo jirani akahamishiwa Tabora. Miaka 27 nasubiri mwisho wa hadithi ile.

Sasa juzi Jumamosi ndiyo siku ya kujitambulisha. Mimi, mpambe huyo msaliti, na baba mdogo ambaye ndiye mshenga. Nimevaa kaunda suti ya kaka yangu. Kaka ana kiuno cha mtu mwenye mshahara, mimi sina, lakini mkanda ulikuwa unasaidia. Tumepokelewa vizuri, pilau imekuja, nimekula ya heshima, nikaongezwa ya upendo. Nikaomba kwenda uani.

Choo ni cha nje, kisafi, kimewekewa ndoo ya maji, na pembeni kuna boksi la sabuni lililojaa magazeti ya zamani. Mengine yameshachanwa vipande na kuchomekwa kwenye msumari. Nikanyoosha mkono tu, bila nia mbaya. Gazeti la tatu kutoka juu, wadau. Niliona herufi za jina zile nikawasha tochi ya simu. Nikaangalia toleo. Nikaangalia tena. Nilichuchumaa pale nikahisi machozi.

Ndiyo lenyewe.

Nilianza kusoma mwanzo, polepole, mwisho wa ile hadithi nikautunza nikausome nyumbani kwa heshima zake. Kumbe dakika zinakwenda. Mara mlango unagongwa, mtoto wa kama miaka sita: "Anko, shangazi anauliza umezidiwa?" Nikajibu niko salama. Baada ya muda karudi: "Anko, shangazi anauliza tukuletee maji ya chumvi na sukari?"

Mtu mwenye akili angetoka, akaenda kwa baba mkwe, akasema mzee, naomba lile gazeti. Angepewa, na mfuko angetafutiwa. Lakini fikirieni: siku ya kwanza ukweni, unamwambia mzee, mwalimu mstaafu, kwamba kati ya vyote ulivyoviona nyumbani kwake umependa kitu cha chooni. Nikaona aibu. Nikalikunja mara moja, nikalichomeka nyuma ya kiuno chini ya koti. Mkanda niliulegeza tundu mbili kwa ajili ya pilau. Kuukaza nikasahau. Hapo ndipo nilipojiua.

Nikarudi sebuleni, nikakaa. Nikikaa, liko imara. Tatizo baba mdogo alimaliza hotuba yake kwa kusema, "Na kijana wetu mwenyewe ndiye huyu. Simama baba, wakuone vizuri."

Nikasimama.

Kwanza lilishuka kidogo tu, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Nikabana makalio. Likatulia. Shangazi mtu akauliza kazi yangu, nikasema niko kwenye mambo ya umeme, na nilipovuta pumzi nitaje shughuli yenyewe, mkanda ukalegea na gazeti likapita. Likawa nyuma ya paja. Nikakutanisha magoti. Baba mkwe ananitazama kwa juu ya miwani. Nikatabasamu. Likashuka hadi kwenye mkunjo wa goti, likakwama, na kwa kuwa nililikunja likaanza kujikunjua lenyewe, suruali ikavimba upande mmoja kama nimeficha kuku. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja na nusu. Shangazi kwa upole wa kweli akasema, "Mwanangu, kama tumbo bado, nenda tu, hapa ni kwenu."

Nikasema hapana shangazi, shikamoo. Nilishamwamkia mara mbili.

Mpambe wangu alikuwa ameshaona. Badala ya kunifunika hata kwa kuangusha glasi, alijifuta mdomo na leso, mabega yanacheza. Na mimi nikafanya kosa la mwisho: nikajaribu kurudi kwenye kiti kwa kujivutavuta, hatua ndogondogo, miguu imebanwa. Hatua ya pili nikasikia sauti ya karatasi kwenye shavu la mguu, kwaruzu, kwaruzu. Ya tatu, likatoka. Halikuanguka kwa kishindo, hapana, afadhali lingefanya hivyo. Lilitokeza kwenye pindo la suruali taratibu, kona kwanza, kama linapiga hodi, kisha likalala juu ya kiatu changu na kujifungua ukurasa wa Lodi Lofa.

Kimya. Feni inazunguka. Yule mtoto wa mlangoni akasema kwa sauti ya kusomea shairi, "Hilo la chooni kwetu!"

Baba mkwe akainama, akaliokota, akalowesha kidole kwa ulimi. Nilitaka kumwambia mzee usilambe, lakini ningeanzia wapi? Akafungua kurasa mbili tatu. Akasema, "Ndumilakuwili." Mpaka sasa sijajua kama alikuwa anasoma au ananiita.

Mimi nikikosa la kusema huwa nasema mengi. Nikaanza kuhutubia. Nikawaambia wazee kwamba vitu hivi ni hazina, wasivione hivi. Kwamba Marekani kile kitabu cha katuni cha mwaka 1962 ambamo Spider-Man alitokea kwa mara ya kwanza kilikuwa kinauzwa senti 12, na mwaka 2021 nakala moja ilinunuliwa kwenye mnada kwa dola milioni 3.6. Nikarudia ile milioni. Nikaifasiri kwa shilingi, kwa vidole. Baba mdogo alinikanyaga, nikafikiri ananitia moyo.

Shangazi, ambaye kumbe ndiye mshika faini wa ukoo, alikuwa ameshasema kwa utani kwamba kosa la kutoka na mali ya nyumba bila hodi ni shilingi 20,000. Aliponisikiliza hadi mwisho akamgeukia kaka yake: "Kumbe ni hazina." Wakanong'ona kidogo. Ikawa 150,000.

Tulilipa. Baba mdogo alitoa, ananidai, ameandika kwenye simu yake. Mengine yalikwenda vizuri, barua imepokelewa, mchumba hajaniacha ila kila akinipigia anaanza na "umezidiwa?" halafu anacheka hadi salio linaisha. Baba mkwe alinikabidhi gazeti mwenyewe, mikono miwili, mbele ya watu wote, kama cheti.

Kwenye basi sikulifungua. Mpambe alilala kuanzia Segera, au alijifanya amelala, kumbe anaandika grupu. Nimefika nyumbani saa tano usiku, nimeoga, nimevaa kanzu safi, nimewasha taa ya mezani, nimechukua mfuko mpya wa nailoni nikauweka tayari. Nikafungua moja kwa moja kwenye hadithi yangu. Miaka 27. Ukurasa wa kwanza wa hadithi upo. Wa pili upo. Wa mwisho umechanwa, vizuri kabisa, kwa mstari ulionyooka, na mtu mwenye mazoea.

Na aliyeutumia ni mmoja wa watu niliowapa shikamoo juzi.