Alingoja nimfunge mkanda mashuani

Tuliposhuka ndege Manda mwezi wa Agosti, tukapanda mashua kuvukia Amu, yaani Lamu. Binti yangu wa miaka mitatu, mzaliwa wa Leicester, alikaa, akainua mikono yote miwili juu, akatulia tuli. Ikanichukua muda kuelewa: alikuwa akingoja nimfunge mkanda. Uingereza mtoto hukaa kwenye kiti chake garini mpaka afike miaka 12 au kimo cha sentimita 135. Ni sheria, nami naiunga mkono. Nahodha aliishusha ile mikono taratibu, akamwambia, "Shika hapa, mama."

Siku ya pili akanipotea. Nilizunguka vichochoro vya Langoni roho mkononi, nikipishana na punda, mpaka bibi mmoja aliyeketi barazani akaniita: "Mbona wakimbia, mwanangu? Mwana yuko kwangu, ala mahamri." Nikamkuta mkekani katikati ya watoto watano nisiowajua, hamri mkononi, mbaazi mpaka puani. Mbaazi zizo hizo ambazo kwetu Leicester tunashindania vijiko vitatu saa nzima!

Nasema wazi: mtoto wa umri huu hawezwi na watu wawili. Nilikuwa namwona binti yangu mkaidi, kumbe tumechoshana. Huku Leicester kila "kwa nini" yaniangukia mimi, tangu alfajiri mpaka alale. Amu alimuuliza shangazi, akamuuliza muuza kahawa, akamuuliza na punda, na jioni akaja kwangu na kicheko tu.

Sisemi Amu hakuna la kuogopa. Ukingo wa bahari hauna ua, na kila alipoukaribia nilimshika nguo. Na huku Uingereza mtoto akishatimiza mitatu serikali humlipia chekechea saa 15 kwa wiki, wiki 38 za mwaka. Bila hizo nisingeweza kufanya kazi. Lakini ili acheze na mwenzake Jumamosi, yabidi nimwandikie mamake, tutafute tarehe, pengine wiki mbili mbele. Mtoto wa miaka mitatu ataelewaje wiki mbili?

Juzi alichomoka mlangoni, akasimama mbele ya nyumba ya jirani, akaita kwa sauti yake yote: "Hodi!" Nikamvuta mkono, nikamrudisha ndani kabla mlango haujafunguliwa. Alilia sana, na kilio kile hakijanitoka. Jumamosi nitachoma mahamri, twende tukapige hodi sote wawili.