Nani Aliyewaokoa Wanne wa Msafara wa Narváez?

Mei 1528, watu 300 wa Pánfilo de Narváez, kamanda Mhispania, waliziacha meli zao pwani ya Florida wakaingia bara kusaka dhahabu. Cabeza de Vaca, mweka hazina wa msafara, alipinga uamuzi huo asisikilizwe. Kila mmoja alipewa ratili 2 za biskuti ngumu na nusu ratili ya nyama ya nguruwe. Julai 1536, katika hao, wanne tu ndio waliofika mji wa Mexico: Álvar Núñez Cabeza de Vaca mwenyewe, Andrés Dorantes, Alonso del Castillo, na Estevanico, mtumwa wa Dorantes, mzaliwa wa Azemmour huko Moroko. Ubishi uliopo ni huu: walijiokoa, au waliokolewa?

Wanaosema walijiokoa hushika maelezo ya Cabeza de Vaca mwenyewe, yaliyochapishwa Zamora mwaka 1542. Humo imani, subira na karama ya kuponya ndivyo vilivyofungua njia. Wanaopinga hukumbusha kwamba maelezo hayo aliandikiwa mfalme, na mtu aliyerudi uchi hakuwa na utumishi mwingine wa kumwonyesha bwana wake isipokuwa habari. Kila walichotendewa na wenyeji tunakisoma kwa kalamu ya mgeni.

Upande wa kwanza una hoja nzito, na hoja hiyo ni mashua. Walipokwama kwenye ghuba ya Florida, wenye njaa na homa, walikuwa na seremala mmoja tu. Walitengeneza mivukuto kwa ngozi ya kulungu na mabomba ya mti, wakayeyusha vikuku vya farasi, njumu na vyuma vya pinde wakapata misumari, misumeno na mashoka. Mgriki mmoja, Doroteo Teodoro, alitengeneza lami kutokana na misonobari. Kalafati ya kuziba nyufa za mbao ilikuwa nyuzi za mti wa jamii ya mkindu. Kamba zilisokotwa kwa singa za farasi. Mashati yakashonwa matanga. Kila siku ya tatu walichinja farasi mmoja. Kazi ilianza Agosti 4, na Septemba 20 mashua tano zilikuwa tayari, kila moja urefu wa mikono 22.

Lakini tazama zilivyoharibikiwa. Watu 242 waligawanywa, 47 hadi 49 kwa kila mashua, na shehena ilipoingia, ubao uliobaki juu ya maji haukuzidi futuri moja. Wimbi dogo tu lilitosha. Viriba vya maji walivitengeneza kwa ngozi ya miguu ya farasi iliyochunwa nzima. Vikaoza, wakabaki na kiu katikati ya maji ya chumvi. Hapakuwa na aliyejua urubani. Ustadi wao uliwatoa Florida, na hapo ukakoma.

Novemba 1528 mashua mbili zilitupwa kwenye kisiwa karibu na Galveston ya leo, Texas. Wenyeji waliwaletea samaki na mizizi. Kundi la Cabeza de Vaca lilipovua nguo na kujaribu kuirudisha mashua majini, wimbi liliipindua, watu watatu wakafa, waliobaki wakatoka kama walivyozaliwa. Jioni wenyeji wakarudi na chakula, wakawaona, wakaketi pamoja nao wakalia zaidi ya nusu saa. Kisha wakawabeba kuelekea vibandani mwao, wakiwa wamewasha mioto minne au mitano mikubwa njiani ili wapate joto kila hatua chache. Mpango huo ni wa watu wanaojua jinsi baridi inavyomuua mtu aliyelowa.

Katika watu 80 waliofika kisiwani, 15 tu waliiona masika. Wengi husoma hapo ukatili au laana. Mimi nasoma chakula. Kisiwa kile kiliishi kwa kalenda: wakati wa baridi, mizizi ya chini ya maji na samaki wa mitego ya matete, ikifika mwisho wa Februari mizizi huchipua, hailiki tena, watu huhamia kwenye chaza. Hakuna ghala. Ongeza midomo 80 mwanzoni mwa baridi, kisha hali ya hewa izuie kuchimba na mitego itoke mitupu. Juu yake, ugonjwa wa tumbo uliua nusu ya wenyeji. Wengine walitaka kuwaua wageni, wakidhani wao ndio walioleta vifo hivyo, na hapo mwenyeji aliyemhifadhi Cabeza de Vaca akasimama kuwatetea: wageni wangekuwa na uwezo wa kuua, wasingeacha wengi wao wenyewe kufa. Hoja hiyo ilikuwa ya mwenyeji, tena akiwa kwenye msiba wake.

Hata hivyo tusiwageuze wenyeji kuwa malaika. Manusura walipotawanyika walitumikishwa. Vidole vya Cabeza de Vaca vilichanika kwa kung'oa mizizi kiasi kwamba unyasi ukimgusa damu ilitoka. Wahispania kadhaa waliuawa, mmoja wao, Esquivel, na Wamariame, kabila la huko, kwa sababu ya ndoto tu. Kwa hiyo hoja ya ukarimu peke yake haitoshi.

Kinachotosha, kwa maoni yangu, ni kazi. Aliyeishi ni yule aliyepata nafasi ambayo jamii ile iliihitaji. Cabeza de Vaca alipata yake kwenye biashara: alipeleka bara kombe za baharini, akarudi na ngozi, ngeu, mawe ya gumegume ya vichwa vya mishale na gundi. Makabila yalikuwa vitani na hayakuweza kutembeleana. Mgeni asiye na ukoo aliweza kupita kati yao. Mpango wa wale wanne wa kutoroka nao ulifuata kalenda ya wenyeji: makabila yalikutana mara moja kwa mwaka, msimu wa matunda ya mpungate. Wenyeji wakagombana juu ya mwanamke na kutengana, basi watoro wakasubiri mwaka mzima, hadi 1534.

Uganga nao ulianza kwa kulazimishwa: kisiwani walinyimwa chakula mpaka wakubali kutibu. Walichanganya ishara ya msalaba na Baba Yetu na kumpulizia mgonjwa, kama waganga wa pale. Nakubali palikuwa na ustadi wa kweli. Baadaye Cabeza de Vaca alimpasua mtu kifua kwa kisu, akatoa kichwa cha mshale kilichokuwa karibu na moyo, akashona nyuzi mbili kwa mfupa wa kulungu. Lakini tazama nani alinufaika na sifa zao. Watu wa kila kijiji waliwasindikiza hadi kijiji kilichofuata, wakachukua mali za wenyeji wake, na walionyang'anywa wakajifidia mbele. Wasindikizaji walikuwa na sababu zao za kuutangaza uganga huo. Naye aliyezungumza nao daima, akauliza njia na vijiji, ni Estevanico. Cabeza de Vaca mwenyewe anakiri hivyo, kisha anaendelea kuandika kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza.

Mwaka 1539 Estevanico alitumwa tena kaskazini, akimtangulia Padre Marcos de Niza. Kwa mujibu wa ripoti ya padre huyo, alituma mbele yake buyu la manyanga lenye njuga na manyoya mawili, jekundu na jeupe, akitarajia lifungue njia. Mkuu wa mji wa Wazuni, wenyeji wa New Mexico ya leo, alilitupa chini kwa hasira, na Estevanico akauawa hapo.