Bingwa wa Mashine Si Lazima Awe na Busara

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Zamani niliuona msemo huo kama kijembe cha watu wanaoonea wivu waliosoma. Siku hizi, kila nikisikiliza mahojiano ya wakuu wa kampuni za teknolojia, naurudia moyoni. Wanaulizwa kila kitu: watoto wasomeshwe vipi, vita vikomeshwe namna gani, akili mnemba ikichukua kazi za watu tuishi kwa lipi. Mtu ameunda programu inayotumiwa na mamilioni, basi tunaamini na malezi anayajua, na siasa anaiweza, na jema na baya ameshalipambanua. Hapo ndipo ninapokataa.

Kiswahili chenyewe kimeshatuonya. Akili, werevu, ujanja, busara na hekima ni maneno tofauti, na ukimwita mtu mwerevu bado hujasema lolote kuhusu tabia yake.

Mfano ninaourudia sana ni William Shockley. Alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu huko Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya transista, kile kipande kidogo kinachoongoza mkondo wa umeme ndani ya vifaa vya kielektroniki. Bila transista hakuna simu unayosomea maneno haya. Mwaka huohuo alikuwa ameanzisha maabara yake Mountain View, California, akaajiri vijana waliokuwa moto wa kuotea mbali. Kuwachagua watu aliweza. Kuishi nao kulimshinda. Sekretari alipojikata kidole mlangoni, Shockley aliona hujuma, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Kumbe ilikuwa pini iliyovunjika tu. Mwaka 1957 vijana wanane wakaondoka kwa pamoja na kuanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, mwaka 1968. Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia huko California, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliomkimbia bosi mwenye Nobel.

Laiti yangeishia kwenye kugombana na wafanyakazi. Baadaye Shockley alizunguka akihubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili duni, na akapendekeza watu wenye alama ndogo katika vipimo vya akili walipwe fedha ili wakubali kufungwa uzazi. Hakuwa mtaalamu wa jenetiki. Lakini alisikilizwa, akaalikwa, akaandikwa magazetini, kwa sababu ya ile medali. Hilo linanikera kuliko upuuzi wenyewe: mlango tulimfungulia sisi.

Kwa nini kipaji cha namna hii hakimletei mtu busara? Nadhani jibu lipo katika kazi yenyewe. Mashine humjibu fundi papo hapo: programu imefanya kazi au imegoma. Ukizoea jibu la aina hiyo kwa miaka ishirini, unaanza kuwaona na binadamu kama hesabu iliyokosewa mahali fulani, inayongoja kusahihishwa nawe. Kisha zinakuja fedha, na fedha nyingi hufukuza wasema kweli. Anayekuzunguka anategemea mshahara wako, nani atakwambia umekosea? Hekima huota pale mtu anapokatazwa, anapoaibika na kuomba radhi. Tajiri wa teknolojia anaweza kupitisha muongo mzima bila kukutana na hata kimoja kati ya hivyo.

Mfano wa karibu zaidi ni Sam Bankman-Fried. Alisoma fizikia MIT, chuo maarufu cha sayansi Marekani, akaitwa gwiji wa sarafu za kidijitali, na akahubiri kwamba anatafuta utajiri ili augawe. Kampuni yake ya kununulia na kuuzia sarafu hizo, FTX, ilianguka Novemba 2022, na Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kuchota mabilioni ya dola za wateja. Hesabu alizijua vizuri kuliko wengi wetu.

Kuna wanaojibu kwamba ukali na kiburi ndiyo gharama ya uvumbuzi, kwamba mtu mpole hawezi kubadili dunia. Nawaomba wamtazame John Bardeen, mmoja wa wale watatu wa Nobel ya 1956. Transista ya kwanza, Desemba 1947, ilitoka mikononi mwake na mwa Walter Brattain, yule wa tatu wao. Shockley, aliyekuwa mkuu wao, aliumia kuona jina lake halimo katika hataza ya uvumbuzi huo, na baadaye akawabana katika utafiti hadi Bardeen akahama mwaka 1951 kwenda Chuo Kikuu cha Illinois. Bardeen alikuwa mtu wa maneno machache, asiyejikweza. Huko Illinois alifanya kazi na vijana wawili, Leon Cooper na Robert Schrieffer, na mwaka 1957 wakaeleza kwa nini baadhi ya metali zikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mwaka 1972 alirudi Stockholm kupokea Nobel ya pili ya fizikia, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia, na safari hiyo alisimama pamoja na vijana wake wale wawili. Miaka hiyohiyo Shockley alikuwa bado anazunguka na mihadhara yake kuhusu rangi za watu.