Magoti Hayana Daftari

Mama mkubwa ana madaftari mawili ndani ya kikapu chake cha kliniki: moja la presha, jingine la sukari. Kliniki ya presha ni Jumanne, ya sukari Alhamisi. Jengo ni hilo hilo, benchi hilo hilo, ila nauli analipa mara mbili. Na Alhamisi anakwenda bila kula.

Jumanne moja nilimsindikiza. Mashine ikasoma 138/86, daftari likaandikwa "presha nzuri, aendelee na dawa". La sukari halikuguswa, naye hakulitoa, maana siyo siku yake. Kwa mwenye presha tu, chini ya 140/90 ni sawa. Lakini aliye na kisukari pia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unashauri namba ya juu ishuke chini ya 130. Kwa hiyo namba nzuri ya daftari la kwanza si nzuri kwa mwenye daftari la pili, na mwili ni mmoja.

Halafu kuna magoti. Hayo hayana daftari, yanatibiwa duka la dawa: diklofenaki, kidonge cha maumivu, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na wakati wa masika ndiyo kabisa. Dawa hii hupandisha presha. Ikikutana na losatani ya presha na dawa ya kukojoza, ambazo mama mkubwa anazimeza kila siku, inaweza kuziumiza figo. Nikamuuliza mbona hakumwambia daktari.

"Mwanangu, hakuniuliza magoti. Aliniuliza presha."

Simlaumu daktari, foleni ya siku ile niliiona mwenyewe. Ninayegombana naye ni aliyepanga kliniki kwa majina ya magonjwa. Presha ya mtu mzima mara nyingi haiji peke yake, na ikishikana na kisukari, miongoni mwa wa kwanza kulipa ni figo. Nazo hazipigi kelele: mtu huchapa kazi miaka, siku miguu inapovimba zimeshachoka.

Utaambiwa kuchanganya wagonjwa kutaleta vurugu. Mbona imejaribiwa? Utafiti wa INTE-AFRICA, uliochapishwa 2023, uliweka wagonjwa wa presha, kisukari na VVU kwenye kliniki moja, katika vituo vya Tanzania na Uganda. Wengi waliendelea kuhudhuria, na wenye VVU hawakuharibikiwa matibabu yao. Kama VVU imewezekana, presha na sukari zinashindwaje kukaa chumba kimoja?

Wakati tunasubiri, nimeyashona madaftari yale mawili pamoja kwa sindano ya magunia. Ukurasa wa kwanza nikaorodhesha kila anachomeza, cha dukani kikiwemo. Alhamisi nesi akalipindua, akacheka ule ushonaji, kisha kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Mama, hii diklofenaki umeanza lini?"

"Ooh, muda. Tangu mjukuu wangu hajaanza shule."

Mjukuu yuko darasa la tatu. Tukaandikiwa maabara, kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.