Kaunta buku la babu

Kila nikikaa barazani nimeinamia simu naandika, hakosekani wa kuuliza, "Unamwandikia nani?" Wengine hawaulizi, wanahukumu moja kwa moja: anatafuta kiki. Sikatai, wapo. Na mimi mwenyewe, mtu akinisimamisha pale stendi ya Lindi akaniambia "lile la juzi nimelisoma", siku hiyo hata chenji ya konda sidai. Lakini kiki haimkeshezi mtu akitafuta namna ya kueleza harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mkorosho.

Babu yangu mzaa mama, kule Mtama, hakuwa na wa kumtafutia kiki. Alikuwa na kaunta buku, jalada limeliwa na mchwa pembeni, na humo aliandika kwa kalamu ya bluu mambo ambayo ukiyapitia harakaharaka utacheka. "Mvua ya kwanza. Mbuzi wa shehe kaingia shamba." "Salfa mifuko mitatu, mmoja wa kukopa." "Leo sikula, jino."

Katikati ya jino na mbuzi kuna kilo. Kila gunia la korosho, kabla halijaenda ghalani, alilipima nyumbani kwa mizani ya kuazima, akaandika. Msimu mmoja karani wa chama cha ushirika akamsomea kilo pungufu. Babu hakupandisha sauti. Alikwenda nyumbani, akarudi na kaunta buku kwapani, akaliweka mezani, wakasomana mstari kwa mstari. Kilo zote hazikurudi. Zilirudi za kununua mabati manne, na mpaka leo pale nyumbani tunayaita mabati ya daftari.

Ndiyo maana siamini kwamba anayeandika mambo yake anajiona. Usipoandika wewe, litabaki la karani.

Tena huku kwetu makarani wamekuwa wengi. Chukua Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mifupa ilipewa namba, ikachorwa, leo imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho. Jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, limebaki. Lakini habari yenyewe tunaisoma kwa kalamu ya waliochimbisha. Mimi ningetoa hiyo mifupa yote nipate ukurasa mmoja wa mpagazi: bega lipi lilimuuma, ujira aliufanyia nini, na usiku walipolala njiani ule mzigo waliuitaje, jiwe au zimwi.

Sisemi kila anayeandika anaacha hazina. Mengi ni porojo, yangu yakiwemo. Niliwahi kuandika kurasa mbili kuhusu pancha ya bodaboda. Ila babu naye hakujua, alipoandika kilo, kwamba ndizo zitakazomfaa. Yeye alidhani la maana ni mvua.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunicheka. Juzi kanikuta naandika, akasimama mlangoni na ungo wake, akanitazama weee.

"Basi andika na hili," akasema. "Yule muuza pweza siku hizi anapima na maji yake."

Nikaandika.